Jani ndani ya jiwe: ulitambue mwenyewe, utume picha, au umfuate mtaalamu?

Mtu akikuta umbo la jani ndani ya jiwe huuliza swali moja: hili ni jani la nini? Ndani ya swali hilo yamo matatu. La kwanza: je, hiki ni kisukuku cha mmea kweli, au ni madini tu yaliyojichora? La pili: kama ni mmea, ni wa kundi gani? Ni makangaga, jamii ya misonobari, au mimea inayotoa maua? La tatu: jina lake la kisayansi ni lipi hasa? Kila njia ya utambuzi ina swali inaloliweza na swali linaloishinda. Anayechagua njia kabla ya kujua anauliza swali lipi hupoteza muda, na pengine huliharibu jiwe lenyewe.

Nitalinganisha njia nne ambazo mtu asiye mtaalamu anaweza kuzifikia: kutazama mwenyewe kwa lenzi na picha za kulinganisha, kutumia simu na mtandao, kwenda makumbusho au chuo kikuu, na kukata kipande ili kitazamwe kwa hadubini. Mifano nimeitoa kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya wapenzi wa visukuku huzungumzia Ulaya na Marekani, na mimea iliyozaa makaa ya mawe kule siyo iliyozaa makaa ya mawe huku.

Kabla ya njia yoyote: jiwe limetoka wapi?

Mwamba wenyewe hukujibia mengi kabla hujashika lenzi. Kama jiwe ni granite, kama ile mirundo ya mawe makubwa ya Mwanza, usitafute jani humo. Mwamba ule ulitokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Majani huhifadhiwa palipokuwa na matope, mchanga au majivu ya volkano yaliyotua taratibu na kufunika.

Kwetu kuna sehemu tatu za kukumbuka. Kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye bonde la Ruhuhu, Mchuchuma, Ngaka na Songwe-Kiwira, kuna miamba ya Karoo, kundi la miamba ya kale ya mchanga na matope linalopatikana kusini na mashariki mwa Afrika, na humo mna makaa ya mawe. Mingi ya miamba hiyo ya makaa ni ya kipindi cha Permiani, kilichoanza miaka milioni 299 iliyopita na kuisha miaka milioni 252 iliyopita. Nyuma ya Mombasa, kuelekea Mazeras na Mariakani, kuna mawe ya mchanga ya umri wa Karoo, na humo hupatikana vipande vya magogo yaliyogeuka jiwe. Ya tatu ni visiwa vya Rusinga na Mfangano katika Ziwa Victoria. Huko majivu ya volkano ya Kisingiri yalihifadhi matunda na mbegu za kipindi cha Miosini, miaka ipatayo milioni 18 iliyopita.

Tofauti hiyo ya umri ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wakati wa Permiani mimea inayotoa maua ilikuwa haijatokea duniani. Kwa hiyo mtu akikuambia jani la Mchuchuma ni la mwembe au mkuyu wa kale, amekosea kabla hata ya kulitazama. Jani la Rusinga laweza kabisa kuwa na ndugu walio hai msituni leo.

Jambo lingine la kutangulia ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na zote mbili zinalinda visukuku. Kuchimba bila kibali, kuuza, au kusafirisha nje ya nchi bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo katika njia zote nne chukulia kwamba jiwe linabaki pale pale, na unachoondoka nacho ni picha na maandishi, mpaka wenye mamlaka waseme vingine.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaangalia mambo manne kwa kila njia: inajibu swali lipi kati ya yale matatu, inagharimu nini kwa fedha na muda, jiwe linafanywa nini, na inamfaa nani. Kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine ni cha jiwe kufanywa nini. Jina likikosewa hurekebishwa kesho, lakini kisukuku kikivunjwa ndiyo basi.

Njia ya kwanza: macho yako, lenzi na picha za kulinganisha

*Inajibu nini.* Swali la kwanza hulijibu vizuri sana, na la pili mara nyingi. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi hutokea kwenye swali la kwanza, na mtu aliyeko kwenye mwamba ana nafasi nzuri ya kulijibu kuliko anayetazama picha.

Kinachowadanganya wengi ni dendriti: michoro myeusi yenye matawi madogo madogo, mizuri kuliko kangaga lolote, ambayo hutokana na maji yenye manganizi au chuma kupenya kwenye ufa wa jiwe na kuacha madini. Kuitofautisha na mmea, angalia mambo matatu. Tafuta mshipa wa kati na ukingo wa jani. Dendriti haina hata kimoja, matawi yake yanachipuka ovyo na kuishia popote. Tazama inaanzia wapi: mara nyingi huanzia kwenye mstari wa ufa na kusambaa kutoka hapo. Kisha tazama imelala kwenye uso gani wa jiwe. Jani lilianguka juu ya tope likafunikwa, kwa hiyo hulala sambamba na matabaka. Dendriti hufuata ufa wowote, hata unaokata matabaka wima.

Kwenye mawe ya mchanga mdanganyifu mwingine ni mistari ya kutu inayozunguka kama pete za mti. Weka lenzi juu ya mstari. Ukiona chembe za mchanga zimepakwa rangi, hilo ni jiwe la mchanga tu lililopitiwa na maji yenye chuma. Gogo lililogeuka jiwe huwa na nyuzi laini zilizonyooka kwa upande mmoja, na kwenye ncha iliyokatika huonekana mpangilio tofauti na ule wa ubavuni. Kwa walio pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, matumbawe ya kale huchanganywa na mimea kila mara. Kwenye lenzi kila tundu la tumbawe lina vijikuta vinavyoelekea katikati kama miale ya nyota. Huyo alikuwa mnyama.

Ukishahakikisha ni jani, fuata mishipa. Jani linalotawala Karoo yetu ni Glossopteris, jina lililotolewa na Mfaransa Adolphe Brongniart mwaka 1828. Lina umbo la ulimi, na ukubwa wake hutofautiana sana. Shika tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga upite karibu sambamba na uso wake, na mishipa itainuka machoni pako. Utaona ukanda wa kati uliosimama, na pande zote mbili mishipa myembamba inayotoka hapo, inajipinda kuelekea ukingoni, na njiani inaungana na kuachana mpaka inafanya wavu. Wavu huo ndio wa kuutafuta. Jani linalofanana nalo lakini lisilo na ukanda wa kati ulio wazi huenda ni Gangamopteris. Shina lenye vifundo, na majani membamba yakiwa yamezunguka kila kifundo, hukuelekeza kwenye Phyllotheca na jamaa zake.

Usishangae ukikuta mmea mmoja una majina mengi. Visukuku vya mimea hupatikana vipande vipande, na wanasayansi huvipa vipande hivyo majina mbalimbali. Majani ni Glossopteris, mizizi ya mimea hiyo hiyo huitwa Vertebraria, na mbao zake zina majina yake tena. Kwa hiyo “jina la mmea” mara nyingi ni jina la kiungo ulichokishika.

*Gharama na muda.* Lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia madalali wa vito, brashi laini, tochi na rula vinatosha. Kazi kubwa ni kupata picha sahihi za kulinganisha. Kitabu cha mimea ya makaa ya mawe ya Uingereza kitakupotosha, kwa sababu makaa yale ni ya kipindi cha Kaboniferi, kilichotangulia Permiani, na mimea yake, kama Lepidodendron, ni ya dunia nyingine kabisa. Tafuta machapisho ya Afrika Kusini, India na Australia. Wakati wa Permiani ardhi hizo na yetu zilikuwa bara moja la Gondwana, na Glossopteris iliota kotekote.

*Jiwe linafanywa nini.* Karibu hakuna. Brashi kavu kwanza. Tone la maji hukoleza rangi ya jiwe gumu, lakini usilimwagie jiwe la matope lililolegea, litavimba na kupasuka. Usitumie siki, wala asidi, wala brashi ya waya, wala vanishi.

*Inamfaa nani.* Mwalimu, mwanafunzi, mpenda matembezi, na yeyote anayeishi karibu na mwamba na anaweza kuurudia. Udhaifu wake ni kwamba jicho hutafuta linachokijua. Februari 1912, karibu na barafu ya Beardmore huko Antaktika, Edward Wilson wa msafara wa Mwingereza Robert Scott wa kwenda Ncha ya Kusini aliandika kwamba majani makubwa aliyoyaona kwenye mawe yalifanana na ya mti wa *beech*, mti wa kwao Uingereza. Wilson alikuwa daktari na mtazamaji hodari wa viumbe. Walikokota takriban kilo 16 za mawe hayo, na zilikutwa pamoja nao walipokwisha kufa. Mwaka 1914 Albert Seward, mtaalamu wa mimea ya kale wa Cambridge, alitambua kuwa majani yale yalikuwa Glossopteris. Jina alilolikisia Wilson halikuwa sahihi, lakini mawe na kumbukumbu za mahali yalipotoka vilikuwa salama, ndiyo maana ukweli ulipatikana.

Njia ya pili: simu na mtandao

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa: programu inayotambua mimea kwa picha, na watu wanaotazama picha yako na kukujibu. Yatenganishe.

*Inajibu nini.* Programu kama PlantNet zimefunzwa kwa picha za mimea hai. Ukiipa picha ya jani la Permiani itachagua jina kutoka orodha yake ya mimea inayoota leo, kwa sababu hiyo ndiyo orodha iliyonayo. Kwa Karoo, basi, haikufai kabisa. Kwa jani la Miosini inaweza kukupa wazo la kufuatilia, lakini wazo tu. iNaturalist nayo ni jukwaa la viumbe wa sasa. Kisukuku hakihesabiwi humo kuwa uchunguzi kamili.

Watu ni habari nyingine. Vikundi vya wapenzi wa visukuku huwa na wachimbaji wa zamani, walimu, na mara nyingine wataalamu wenyewe. Swali la kwanza hulijibu upesi na kwa uhakika mkubwa, maana dendriti wameziona nyingi mno. Swali la pili hulijibu vizuri ukiwapa umri wa mwamba. La tatu wasikuharakishe. Jina kamili linalotolewa kwa picha moja yenye ukungu lina thamani ndogo, hata likitajwa na watu kumi.

*Gharama na muda.* Kifurushi cha intaneti, na subira kidogo. Majibu huja kwa saa au siku. Lakini ubora wa jibu hutegemea picha: moja ya jiwe zima, moja ya karibu ukionyesha mishipa, rula kando yake, mwanga wa ubavuni, na kama jiwe limepasuka, nusu zote mbili, kwa sababu maelezo yanayokosekana upande mmoja huwa yamebaki upande wa pili. Andika pia aina ya mwamba na eneo kwa ujumla. Jina la wilaya linatosha. Vipimo kamili vya mahali usivianike hadharani, wapo wanaozunguka kutafuta cha kuchimba na kuuza. Vihifadhi kwa ajili ya makumbusho.

*Jiwe linafanywa nini.* Halifanywi lolote, nao ndio uzuri mkubwa wa njia hii. Hatari huja baadaye, pale mtu wa mbali anapokushauri ulipasue kidogo ili aone zaidi. Kataa.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na mji, mwenye simu nzuri, anayetaka kujua kama kuna sababu ya kuendelea.

Njia ya tatu: makumbusho, chuo kikuu, taasisi ya jiolojia

*Inajibu nini.* Yote matatu, kwa kadiri kisukuku chenyewe kinavyoruhusu. Hilo la mwisho lina uzito. Jani lisilo na mishipa inayoonekana halitapata jina kamili hata kwa bingwa, na mtaalamu mwaminifu atakuambia hivyo. Usilichukue kama dharau. “Jani la aina ya Glossopteris, spishi haijulikani” ni jibu la kisayansi lililokamilika.

Ujue pia unamwendea nani. Afrika Mashariki imejipatia jina kwa mifupa na nyayo, za Oldupai, Laetoli na Koobi Fora, na wataalamu wengi wa visukuku waliopo ni wa wanyama na watu wa kale. Wa mimea ni wachache. Kwa hiyo uliza moja kwa moja kama kuna anayeshughulika na mimea ya kale au chavua ya kale. Nairobi, Makumbusho ya Taifa yana watafiti wa fani hiyo, na katika eneo hilo hilo kuna hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, hazina kwa anayetaka kulinganisha jani la Miosini na majani ya leo. Tanzania kuna Makumbusho ya Taifa na idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na taasisi ya jiolojia iliyoko Dodoma, inayotunza ramani za miamba za nchi. Ukiwa na jina la kijiji, ramani hizo zitakuambia umesimama juu ya mwamba wa umri gani, na hapo utambuzi utakuwa umekwisha kupiga hatua kubwa.

*Gharama na muda.* Fedha si kikwazo kikubwa, ila safari na muda. Tuma picha na maelezo kwanza kwa barua pepe. Jibu laweza kuchukua wiki au miezi, kwa kuwa watu hawa wana kazi zao. Barua fupi yenye picha nne nzuri, jina la kijiji, aina ya mwamba na tarehe hujibiwa upesi kuliko ujumbe wa “hiki ni nini?” chini ya picha moja.

*Jiwe linafanywa nini.* Linaweza kuchukuliwa na kuhifadhiwa kwa namba na kumbukumbu, nawe hutalirudisha sebuleni. Wengine huumia kwa hilo. Mimi naliona kuwa ndiyo heshima kubwa inayoweza kulipata jiwe hilo. Matunda na mbegu za Rusinga zilizoelezwa na mtafiti K. I. M. Chesters mwaka 1957 bado zinarejelewa na watafiti wa leo, na hilo haliwezekani bila vielelezo kutunzwa mahali panapojulikana.

*Inamfaa nani.* Aliyepata kitu kamili au kisicho cha kawaida: tunda, mbegu, jani lililoshikana na tawi, au sehemu yenye visukuku vingi pamoja.

Njia ya nne: kukata na kusaga

*Inajibu nini.* Hii ni kwa mbao zilizogeuka jiwe, na kwa hizo ndiyo njia ya kupata jina la kuaminika. Kipande husagwa mpaka kiwe na unene wa takriban milimita 0.03, mwanga upite ndani yake, seli zionekane kwa hadubini. Zinahitajika sura tatu: kukata mkingamo, kukata wima kupitia kiini, na kukata wima pembeni ya kiini. Mbao za Permiani hazina yale matundu makubwa ya kupitishia maji ambayo karibu miti yote ya maua huwa nayo. Kwa hiyo hata lenzi ya mkononi kwenye ncha safi ya gogo la Miosini huweza kukuonyesha vitundu, na kukuambia uko kundi gani. Zaidi ya hapo ni kazi ya maabara.

*Gharama na muda.* Ni ghali kuliko zote, inahitaji msumeno wa almasi na fundi wa maabara ya jiolojia.

*Jiwe linafanywa nini.* Linapungua, na halirudi. Lisifanyike bila kibali wala bila mtafiti anayesimamia.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa chuo mwenye mradi, au makumbusho yenyewe. Mpenzi wa kawaida kazi yake ni kutoa taarifa ya gogo lilipo.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama una shaka kwamba ni mmea, anza na lenzi na vile vipimo vya dendriti, ukingo na matabaka. Ukibaki na shaka, peleka picha kwenye kikundi, usipeleke kwenye programu.

Kama ni mwalimu wa jiografia au baiolojia, njia ya kwanza itakupa mengi. Wapeleke wanafunzi kwenye mwamba, wachore walichokiona kabla ya kutafuta jina, na wawili wawili walinganishe michoro yao. Mkono ukichora mshipa, jicho hulazimika kuuona.

Kama unaishi karibu na machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa Tanzania, jifunze Glossopteris, Gangamopteris na Vertebraria mpaka uzizoee. Utakapoona kisichofanana nazo, hicho ndicho cha kumwandikia mtaalamu.

Kama umepata gogo la jiwe Mazeras au kwingineko, liache lilipo, lipige picha pande zote pamoja na ncha zake, na pima urefu na unene. Hilo hilo ufanye Sibiloi, kaskazini mwa Kenya, ambako msitu mzima wa magogo ya jiwe uko ndani ya hifadhi na hakuna cha kuondolewa.

Kama jiwe liliachwa na babu au lilinunuliwa zamani na hakuna ajuaye lilikotoka, matarajio yapunguze: kundi utalijua, spishi huenda usiijue kamwe. Waulize wazee wa nyumba kuhusu safari na kazi za babu. Jina la mgodi au la mto likikumbukwa, liandike hapo hapo.

Na kama wewe ni fundi au msimamizi wa barabara, na tingatinga litapita kesho asubuhi juu ya tabaka lenye majani, usisubiri majibu ya mtandao. Piga picha na rula, chukua vipimo vya mahali kwa simu, weka kando vipande vilivyokwisha kuvunjika bila kuvisugua, kila kimoja kwenye gazeti lake chenye namba, na upige simu makumbusho au ofisi ya mambo ya kale siku hiyo hiyo.